Namna ya kumwandika adui ambaye mchezaji atasita kumuua

Kama unaandika gemu ya RPG, yaani ya hadithi ambayo mchezaji anamlea mhusika wake, na unataka mchezaji amwonee huruma adui wako, acha kwanza kumtungia utoto wa mateso. Najua ndiyo njia iliyo karibu. Bosi wa mwisho anakaribia kukata roho, muziki unapungua, naye anaanza kusimulia: kijiji chetu kilichomwa, mama alifia mikononi mwangu, ndiyo maana nikaapa kuiteketeza dunia. Vijana wanaocheza kwangu wakifika hapo hubonyeza kitufe cha kuruka maneno. Si kwamba wana roho ngumu. Hapa kwetu kila wikendi kuna matanga, na kama kufiwa kungetosha kumgeuza mtu jambazi, matatu za Ijumaa jioni za kwenda Siaya na Homa Bay zingekuwa zinabeba majambazi watupu.

Nina kibanda cha gemu Kisumu, upande wa Kibuye. Mashine nyingi ni za mpira kwa sababu mpira ndio unaolipa kodi ya nyumba: mechi shilingi 20, aliyefungwa ndiye anayelipa. Mashine ya pembeni nimeitenga kwa gemu za hadithi, zile ambazo mchezaji anamlea mhusika wake, anapanda levo, anakusanya silaha na kuchagua la kujibu. Usiku nikishafunga, mimi na vijana wawili tunatengeneza gemu yetu ndogo kwa RPG Maker, programu ya kutengenezea gemu za aina hiyo. Mmoja anachora, mwingine anaandika programu, mimi naandika hadithi na maneno ya wahusika. Haya ninayoyaeleza nimeyapata kwa kuandika na kwa kusimama nyuma ya watu wakicheza, na huko nyuma ya watu ndiko nilikojifunza zaidi. Nitataja miisho ya gemu kadhaa. Kama kuna uliyopanga kuicheza, ruka aya yake.

Wachukue vijana wale wale uwapeleke banda la video, watazame filamu iliyosimuliwa na DJ Afro. Adui akipigwa risasi wanashangilia mpaka mabati yanatikisika. Wakabidhi padi, waambie adui wamuue wenyewe, na mara nyingine utaona kidole kimesimama juu ya kitufe. Kwenye filamu steringi ndiye anayeua, wao wamekaa. Kwenye gemu wanaua wao. Na kufikia hapo wamekwisha fanya mengi ya aibu bila kuulizwa: wameingia nyumba za watu bila hodi, wamefungua masanduku na mitungi, wamechukua pesa iliyokuwamo, wameua askari wengi ambao kosa lao ni kusimama njiani, halafu wamemwendea mzee wa kijiji kuuliza kama kuna kazi nyingine. Ukimtazama kwa macho ya wanakijiji, steringi wa RPG ni mtu wa kuogopwa. Adui naye amefanya hayo hayo, ila alianza mapema. Mchezaji analijua hili hata kama hajawahi kulisema, na hapo ndipo pa kuanzia. Huruma itengeneze kwenye vidole vyake kabla hujaipeleka masikioni.

Mpe adui kitu ambacho mchezaji anakihitaji

Nitatumia adui wetu kama mfano, maana ndiye ninayemjua vizuri. Anaitwa Mzee Karabai. Gemu yetu iko kwenye ufuo wa Ziwa Victoria ambao hatukuupa jina la mahali. Wavuvi wa pale wanavua omena, na omena huvuliwa usiku: taa inaelea juu ya maji, samaki wanaifuata nuru, wavu unavutwa. Bila taa hakuna omena. Mzee Karabai ndiye mwenye taa zote za ufuo ule na anazikodisha. Kodi ya kila usiku inaandikwa kwenye daftari. Anayeshindwa kulipa anapoteza wavu, kisha mtumbwi. Hadithi ikifika katikati, nusu ya ufuo inamfanyia kazi yeye. Huyo ni adui, hakuna ubishi.

Mwandishi mvivu angeanza kwa wanakijiji kumsengenya. Sisi tunaanza na mchezaji mwenye wavu uliochanika na asiye na taa. Anazunguka ufuo mzima akiomba na hakuna anayempa, kila mmoja ana sababu yake. Mwisho anamkuta mzee ameketi juu ya kreti nje ya stoo, anaipigia pampu karabai. Mzee hamuulizi jina wala shida. Anauliza:

“Umekula?”

Mchezaji anachagua ndiyo au hapana. Vyovyote atakavyojibu, mzee anasema, “Kula kwanza. Ziwa halimtaki mwenye njaa.” Anamsogezea sahani ya ugali, na kwenye skrini nguvu ya mchezaji inapanda kwa 2. Ndiyo mara ya kwanza nguvu inapanda kwenye gemu nzima, na imetoka mkononi mwa adui. Kisha anampa taa ya kwanza bila amana.

Kwenye RPG Maker hiyo ni kazi ndogo: tukio moja, ongezeko moja la nguvu, na swichi moja inayokumbuka kwamba mchezaji alikula kwa Karabai. Swichi hiyo iache imelala. Tutaihitaji mbele.

Final Fantasy VII ya mwaka 1997 ilifanya jambo la jamii hiyo, na nadhani ndiyo sababu watu bado wanamzungumzia adui wake, Sephiroth. Kabla hujapigana naye, gemu inakurudisha kwenye kumbukumbu ya zamani ambamo unasafiri naye kikosi kimoja. Cloud, mhusika unayemcheza, yuko levo ya 1, Sephiroth yuko levo ya 50. Linapotokea joka, wewe huna lako, yeye analimaliza. Umetembea chini ya kivuli chake, umelindwa, umemtamani. Baadaye anaposhinda kwenye chumba cha chini cha jumba la Nibelheim akisoma vitabu vinavyomvuruga akili, anayepotea ni mwenzako wa safari. Hata watakaomchukia vibaya kwa kumuua Aerith, msichana wa kikosi chako, wanamchukia kwa namna anavyochukiwa mtu aliyekuwa wa kwenu.

Kwa hiyo jiwekee sharti: ndani ya nusu saa ya kwanza adui awe amempa mchezaji kitu kinachoonekana kwenye hesabu. Nguvu, pesa, silaha, njia ya mkato, chochote. Mchezaji husahau maneno mazuri, hasahau namba iliyopanda. Na zawadi iwe ya kweli. Ukija kufichua kwamba ule ugali ulikuwa mtego, mchezaji atajiona mjinga, na mtu aliyefanywa mjinga haoni huruma, anatafuta kulipiza. Mzee Karabai alimlisha kwa sababu alimwona ana njaa.

Mwachie mchezaji daftari

Hapa ndipo utumie muda wako mwingi. Mengine yote unaweza kuyafanya nusunusu na gemu ikasimama, hili haliwezi.

Katikati ya hadithi Mzee Karabai anaugua malaria. Anamwita mchezaji, anamkabidhi daftari la madeni na ufunguo wa stoo kwa usiku tatu. Kazi ni rahisi kuielewa: zungukia wadaiwa, kusanya kodi, nunua mafuta ya taa, hakikisha mitumbwi yote imetoka na nuru. Kila mdaiwa ana jina, kiasi na sababu. Mmoja mtoto yuko hospitalini. Mwingine anajificha nyuma ya banda la samaki, lakini miguu yake unaiona. Mjane mmoja hana sababu yoyote, anakwambia tu, “Leo sina, mwanangu.”

Mchezaji mwema atataka kuwasamehe wote, na tulimpa uhuru huo. Ila tuliweka hesabu. Taa ziko 6, kila moja inakula mafuta ya shilingi 150 kwa usiku, jumla 900. Madeni ya usiku ule yakikusanywa yote ni shilingi 1,400. Ukichukua kwa wenye nacho peke yao unapata 600. Umepungukiwa 300, maana yake taa mbili hazitatoka, mitumbwi miwili itaingia ziwani gizani, na ziwa letu likichafuka usiku halina mzaha. Mmoja kati ya hiyo miwili hautarudi. Gemu haikukemei. Asubuhi unakuta kamba imefungwa kwenye mti na hakuna mtumbwi.

Ukatili mwingine hatukulazimika kuutunga, ziwa lina wake. Mbalamwezi ikiwa kali omena hawaifuati taa, kwa hiyo siku za mwezi mpevu wavuvi wanakaa nchi kavu na mapato ni sufuri, lakini deni halikai. Halafu kuna ule msimu wa kufungwa uvuvi wa omena hapa Kenya, Aprili hadi Julai, ili samaki wazaane. Tuliuweka pale pale mchezaji anapodhani ameanza kujitoa. Mwandishi mwenzangu, angalia mazingira unayoyajua kabla hujamwita shetani au pepo wa kale. Mahindi yana msimu wa njaa, bodaboda ina mkopo wa kila siku, mashamba ya maua ya Naivasha yana bei zinazoamuliwa sokoni Ulaya. Mfumo unaombana adui ukimbana na mchezaji vile vile, nusu ya kazi yako imekwisha.

Siku ya majaribio alikaa kijana wa bodaboda ambaye kabla ya kuanza aliapa mbele ya wenzake kwamba yeye hatamdai mtu. Usiku wa kwanza alisamehe wote, mtumbwi ukapotea. Usiku wa pili alidai kwa wawili, akachagua waliokuwa na majibu ya jeuri. Usiku wa tatu alichukua wavu wa mjane. Alikuwa amenyamaza muda mrefu, halafu akageuka akaniambia, “Anti, mimi sina makosa. Hesabu ndiyo inakataa.”

Nilichukua sentensi ile kama ilivyo nikaiweka kinywani mwa Mzee Karabai. Sasa anaisema karibu na mwisho, mchezaji anapomkabili kuhusu watu aliowafilisi. Wapo wanaocheka wanapoisoma. Wengi hawacheki, kwa kuwa walishaisema wenyewe kimoyomoyo saa mbili zilizopita.

Kuna gemu moja ya Kijapani iliyofika hapa kwa njia nyingine kabisa, na kwa maoni yangu ni fundi kutushinda. Persona 5 Royal, iliyotoka Japani mwaka 2019, ina mshauri wa shule anayeitwa Maruki. Unamtembelea mara kwa mara, mnazungumza, na kila urafiki unapokua unapata uwezo mpya wa vitani. Mwishoni anajenga dunia ambamo kila rafiki yako amepewa alichopoteza, aliyekufa amerudi, aliyeumia amepona, halafu unaulizwa: unakubali au unakataa? Ukikataa, wewe ndiye unayewanyang'anya rafiki zako furaha kwa mkono wako. Ukikubali, gemu inaisha kwa picha ya watu wote wakiwa na raha. Adui hajakuumiza popote. Alichotaka ndicho wewe ulikuwa unakitafuta tangu mwanzo, na ndiyo maana kumpiga ni kuchungu.

Walioumia wasitoweke

Kumhurumia adui na kumtetea ni mambo mawili. Mwandishi akianza kumtetea, mchezaji anarudi nyuma. Waache wale aliowaumiza wabaki kwenye gemu, wana sura, wana midomo, na wana haki ya kutosamehe.

Tazama The Witcher 3 ya mwaka 2015, kazi ya CD Projekt Red ya Poland. Kuna bwana mmoja, Phillip Strenger, anayeitwa Baroni wa Damu. Mlevi, alikuwa akimpiga mkewe. Unatumwa kuwatafuta mke na binti waliotoweka, na kwa kupekua vyumba vyao unagundua vita vya nyumba ile kabla yeye hajakubali kuvisema. Mimba iliharibika, na mtoto yule hakuzikwa ipasavyo, akageuka zimwi. Ukichagua njia ya kumtuliza badala ya kumuua, unatembea usiku na baba amembeba mtoto huyo, naye lazima ampe jina na kumzika kizingitini. Nimewaona watu wazima wakikaa kimya sehemu ile. Lakini binti yake, Tamara, yuko hai mji mwingine, na ukimpata hataki hata kumsikia. Gemu haimwambii mchezaji nani yuko sahihi. Kwa kuwa Tamara ana neno lake, mchezaji yuko huru kumlilia baba bila kujiona amelazimishwa.

Kwetu mjane aliyepoteza wavu hatukumpa hotuba. Kibanda chake cha omena kavu kiko njiani kuelekea stoo, kwa hiyo mchezaji lazima ampite kila mara. Kabla ya wavu kuchukuliwa anasalimia, kila siku salamu tofauti. Baada ya hapo hasalimii tena. Ukibonyeza kitufe cha kuzungumza naye, anaendelea kugeuza omena juani. Kijana wetu wa programu alitaka aongeze machozi, nilimkatalia.

Siri moja, kitu kimoja, sentensi moja

Hapo mwanzo nilikataza utoto wa mateso. Historia ya adui inaruhusiwa, ila iwe kitu ambacho mchezaji anakifukua, na kiwe kidogo. Ndani ya stoo ya Mzee Karabai kuna taa kuukuu ambayo haimo daftarini. Mchezaji akijaribu kuichukua anaambiwa, “Hiyo haikodishwi.” Basi. Atakayetaka zaidi amtafute bibi anayeshona nyavu, na bibi atasema taa ile ilibaki dukani usiku ule ambao ndugu yake Karabai alikosa pesa ya kuikodi, na mwenye duka wa wakati huo akamfungia mlango. Mchezaji mwenyewe ataunganisha: mzee alinunua duka lile ili mtumbwi usiende tena gizani, akaanza kuandika madeni ili taa zisizime. Kuna wachezaji wanamaliza gemu bila kumpata bibi. Waache.

Wakati mwingine kinachofichwa ni upande wa pili wenyewe. Chrono Trigger ya mwaka 1995 inakufanya uvamie ngome ya Magus ukiamini ndiye chanzo cha balaa. Baadaye unajikuta kwenye ufalme wa kale wa Zeal, unakutana na mtoto mwenye paka na dada anayempenda, na polepole unatambua mtoto yule ni nani. Mbele ya safari unamkuta amesimama juu ya jabali, na gemu inakuuliza kama mtapigana. Ukisema hapana, anaweza kujiunga na kikosi chako. NieR ya mwaka 2010 ilikwenda mbali zaidi. Unaimaliza ukiwa umeua viumbe wa kivuli wasiohesabika, halafu unaicheza mara ya pili na safari hii unaelewa wanachosema. Kule kwenye lundo la vyuma kuna pambano na roboti kubwa. Mara ya kwanza ni roboti tu. Mara ya pili unaonyeshwa kwamba lilifanya urafiki na mtoto wa kivuli, wanaota kutoka nje waione dunia, na wewe ndiye unayeingia. Mikono yako inafanya kazi ile ile ya mwanzo. Hakuna kilichobadilika ila unachokijua.

Zoezi la kujifunzia mbinu hiyo tunalo hapa hapa nyumbani. Mtoto aliyekulia Kano anamjua Luanda Magere: shujaa wa Waluo mwenye mwili wa jiwe, mikuki ya Lang'o, yaani Wanandi, ikimgonga inateleza. Maadui wakampa binti yao amuoe. Siku alipougua alimwambia amchanje dawa kwenye kivuli, damu ikatoka, binti akaijua siri, akatoroka usiku akawapelekea watu wake. Vita vilivyofuata wakakichoma kivuli, naye akageuka jiwe. Tumelelewa tukimlaani yule mke. Sasa iandike kama gemu ambayo mchezaji ni yeye. Dakika 10 za kwanza awe nyumbani kwao milimani, azike kaka aliyeuawa na mtu wa jiwe. Kisha atumwe. Halafu mfanye Magere awe mume mzuri: anamtania, anamwachia kipande kinono cha nyama, anamfundisha lugha. Ipande levo ya mapenzi yao kwa namba, ionekane. Ikifika siku ya ugonjwa, mpe mchezaji wembe na kitufe cha kuchanja, na usiandike neno hata moja la kumtetea yeyote. Wachezaji wangu wa Ahero na wa Kapsabet wanabishana juu ya mwisho wa zoezi hili mpaka stima inapotea.

Pambano lenyewe

Waandishi wengi huandika adui wa huzuni halafu humpigisha vita vya kawaida, kana kwamba pambano limeandikwa na mtu mwingine. Undertale ya Toby Fox, ya mwaka 2015, haikufanya hivyo. Gemu nzima inakufundisha kwamba unaweza kumsamehe kila unayekutana naye, kuna kitufe cha huruma chini ya skrini. Unafika kwa mfalme Asgore, unamkuta anamwagilia maua. Pambano linapoanza, kitu cha kwanza anachofanya ni kukivunja kitufe kile. Ukijaribu kuzungumza naye, hajibu vya maana, lakini nguvu zake za kushambulia na za kujilinda zinapungua. Hataki kushinda na hawezi kuacha, na hayo yote umeyajua kutoka kwenye namba na vitufe.

Sisi tulifanya hivi. Pambano na Mzee Karabai ni usiku, ndani ya stoo, na nuru ni ya taa mbili tu, yake na yako. Kila unapompiga, taa yake inafifia na skrini inakuwa nyeusi zaidi. Ukikaribia kumshinda huoni unampiga nani. Ana mwiko mmoja: taa yako ikizimika hakupigi, anangoja uiwashe. Mchezaji mjanja anaugundua mwiko huo na kuutumia kumwonea, na wengi wakishaonea zamu mbili tatu wanaacha wenyewe. Na ile swichi ya mwanzo inaamka hapa. Kwa kuwa mchezaji alikula ugali wake siku ile, kabla ya pigo la kwanza mzee anauliza tena, “Umekula?” Safari hii hakuna majibu ya kuchagua.

Njia za kutoka ziwe na bei

Usimlazimishe mchezaji kuua, na usimpe msamaha wa bure pia. Fallout ya mwaka 1997 ina adui anayeitwa Master, anayetaka kugeuza binadamu wote kuwa jamii mpya iliyo imara. Unaweza kumshinda kwa maneno, lakini sharti uwe umepata ushahidi kwamba viumbe wake hawazai. Ukimwonyesha, anaelewa kwamba mauaji yote yale yalikuwa ya bure, anakuruhusu uondoke na kujiangamiza. Ni mwisho unaoumiza kwa sababu ulimvunja kwa ukweli uliouhangaikia.

Kwetu ziko njia tatu. Unaweza kumfukuza na taa zikabaki hazina mwenyewe. Unaweza kulichoma daftari, lakini lazima uwe na pesa ya mafuta ya mwezi mzima mfukoni, jambo linalokutaka uuze karibu kila ulichonacho. Au unaweza kuchukua nafasi yake. Wengi wa wanaojaribu kwangu huchagua hii ya tatu, na karibu wote husema neno moja: nitapunguza bei. Gemu inawaruhusu wapunguze. Halafu mwezi unapevuka.

Jinsi ya kupima

Kabla ya kugusa kompyuta, cheza sehemu ya daftari kwenye karatasi. Wewe uwe wadaiwa wote, rafiki awe mchezaji, tumieni njugu badala ya pesa. Kama hesabu haimbani mezani haitambana kwenye skrini. Godot, programu nyingine ya kutengenezea gemu, haina malipo, RPG Maker unainunua, kalamu ni shilingi 20, na kwa hatua hii kalamu inashinda zote mbili.

Ikishakuwa gemu, usimuulize mchezaji kama alimhurumia adui. Atakujibu ndiyo kwa adabu, hasa kama amekaa kwenye kiti chako na unamwita mwanangu. Kaa nyuma yake utazame. Je, alitoka kwenye stoo kwenda kutafuta njia nyingine kabla ya pambano? Aliweka padi chini akanywa chai wakati hakuna anayemngoja? Alivua silaha nzuri akavaa mbovu? Kubwa zaidi, alisevu sehemu mbili tofauti, moja ya kuua na moja ya kutoua? Anayesevu mara mbili ameanza kujiogopa.

Na asiposevu, usikimbilie kurekebisha maneno ya mwisho ya adui. Rudi kwenye daftari, punguza mafuta, mwongezee usiku mmoja wa kudai watu.